Nani Mtoro: Mgonjwa au Daftari?

Mchimbaji mdogo wa dhahabu hana makazi ya kudumu. Duara la Nyarugusu lisipotoa mawe ya maana, huhamia Rwamagasa. Ikisikika habari ya rashi mpya upande wa Kakola, hufunga mzigo wake na kutoka Mkoa wa Geita kuingia Mkoa wa Shinyanga. Wamo miongoni mwao wanaotumia dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, ambazo hapana budi zimezwe kila siku. Mtu huyo akihama, je, kumbukumbu zake huhama naye?

Hili si swali la mafundi wa kompyuta peke yao. Huduma za matunzo na tiba zilianza kuenezwa nchini mwaka 2004. Baadaye kumbukumbu za kliniki ziliingizwa katika programu iliyoitwa CTC2, iliyojengwa juu ya Access ya kampuni ya Microsoft. Kompyuta ilikaa mezani palepale kituoni, na nakala ya taarifa ikapelekwa ngazi za juu. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwa maana kliniki isiyo na mtandao iliweza kufanya kazi. Walakini taarifa zilipanda juu. Hazikuvuka kwenda kwa jirani.

Mchimbaji anayefika kliniki mpya bila barua ya uhamisho, akaandikishwa upya, huwa watu wawili. Huku ni mgonjwa mpya. Kule ni mtoro wa dawa. Walimu wanalijua neno hilo na uzito wake: mtoto aliyehamia shule nyingine bila taarifa huendelea kuitwa mtoro katika daftari la mahudhurio, hali yuko darasani anasoma. Mhudumu hupoteza siku akimtafuta asiyepotea, na aliyeacha dawa kweli hufichwa na wingi wa majina.

Wako wanaodhani kwamba yatosha kuunganisha nakala zote usiku mmoja. Mambo si mepesi hivyo. Kompyuta mbili zisizowasiliana, kila moja ikihesabu kivyake, zitatoa namba 501 kwa watu wawili tofauti. Namba ya CTC, yenye mafungu ya mkoa, wilaya, kituo na mgonjwa, huepusha ajali hiyo baina ya vituo. Lakini haiwezi kujua kwamba namba mbili ni za mtu mmoja. Tena, nakala zikitofautiana juu ya dawa anazotumia, ipi ifuatwe? Programu nyingi hukubali iliyoandikwa mwisho. Lakini kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, saa yake hurudi nyuma miaka mingi, na andiko la leo hufutwa na la mwaka jana! Microsoft yenyewe ilitia njia ya kusawazisha nakala katika Access mwaka 1995. Muundo mpya wa mafaili wa mwaka 2007 ukaiacha.

Kwa hiyo kabla ya mashine yapasa kuamuliwa nani ana mamlaka ya kubadili nini. Kituo kinachotoa dawa leo ndicho kiandike habari za dawa; kile cha zamani kijulishwe tu kwamba mtu wake yu hai na anatibiwa. Nakala zikigongana, zote mbili zihifadhiwe mpaka mhudumu aamue, mgonjwa akiwa mbele yake. Wala isidaiwe kwamba kila kituo kione kila kitu: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na katika kambi ya machimbo siri ikivuja haizoleki.

Na mipaka yenyewe haitulii. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita uliundwa kwa maeneo yaliyomegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mkazi wa Bukombe hakusogea hata hatua moja, ila mkoa wake ulibadilika. Namba inayotaja mkoa humfaa mtu wa takwimu. Mgonjwa anahitaji namba isiyotaja mahali popote, apewe mara moja, aende nayo Nyarugusu, Kakola na kokote dhahabu itakakomwita.