Tovuti ya watu wote iombe msamaha wa kodi?

Huenda umewahi kusoma habari za malaria kwenye Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti inayoandikwa na watu wa kujitolea. Je, tovuti ya namna hiyo iombe msamaha wa kodi kama shirika la hisani? Mimi nasema ndiyo.

Ilipoanza mwaka 2001 iligharamiwa na kampuni ya biashara, Bomis. Mwaka 2002 waandishi wengi wa toleo la Kihispania walijitenga, wakihofia matangazo ya biashara. Hofu yao naielewa: nani ajitolee ili mwingine atajirike? Mwaka 2003 ikaundwa Wikimedia Foundation, na mwaka 2005 Marekani ikaisamehe kodi.

Wengine watasema huko ni kujifunga kamba. Kweli, sheria inakataza kugawana faida na kumpigia kampeni mgombea yeyote. Tena hesabu huwekwa wazi kila mwaka. Hapo ndipo penye faida! Nikipita nyumba kwa nyumba kuhimiza chandarua, naulizwa fedha za wafadhili zinakwenda wapi. Mtu asipoonyeshwa daftari, hata chandarua cha bure hukitilia shaka.