Mtakatifu Si Dalali

Katika nchi ya dhahabu hakuna asiyemjua dalali. Humtafutia muuzaji mnunuzi, huwakutanisha, huchukua haki yake, akaenda zake. Kazi hiyo ni halali sokoni. Nitakalolipinga hapa ni desturi ya kuihamishia kanisani, ambako baadhi ya waumini wamewageuza watakatifu kuwa madalali wa msamaha. Mtu humdhulumu jirani, kisha hupita mlango wa nyuma kwenda mbinguni, akitumaini kwamba deni la duniani litafutwa huko bila mwenye deni kujua.

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya, lakini dhahabu ya nchi hii ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920. Hapa riziki hupita mikono mingi: ya mwenye duara, ya wachimbaji, ya mwenye karasha, ya mwenye mizani. Kila mkono waweza kupunja. Basi tumchukue kwa mfano mchimbaji aliyeficha viroba vitatu vya mawe kabla ya mgao. Dhamiri yamchoma. Asali novena siku tisa, awasha mshumaa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, aenda kuungama. Siku ya kumi atembea kifua mbele. Mwenzake, aliyeshinda naye shimoni, bado ana njaa. Naye pengine amemwomba Antoni yule yule, kwa kuwa ndiye waumini wamwombaye vitu vilivyopotea. Je, mtakatifu amsikilize yupi?

Wako wasemao kwamba dawa ya upotovu huu ni kuwatupa watakatifu. Sikubaliani nao. Kanisa Katoliki halifundishi kuwaabudu. Ibada ni ya Mungu peke yake, na mtakatifu huheshimiwa na kuombwa atuombee, kama mtoto amwombavyo mama yake amkumbuke katika sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulieleza kwamba maombezi hayo hayapunguzi hata kidogo upatanishi wa Kristo. Shoka likiua mtu, halaumiwi mhunzi. Kosa ni la mtumiaji.

Tena sala zenyewe zamshuhudia mtumiaji huyo vibaya. Katika sala ya Nakuungamia, ambayo waumini huisali mwanzoni mwa Misa, mkosaji haungami kwa Mungu tu. Huungama na kwa ndugu zake walio pale. Aombapo kuombewa, huwataja Bikira Maria, malaika na watakatifu, kisha huwataja ndugu hao mara ya pili. Amtajaye ndugu mara mbili kwa kinywa, na kumkwepa kwa miguu, amesali nini? Zakayo alipotubu hakutafuta wakili. Alinuia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba aliyeiba arudishe, na aliyemchafulia mwenzake jina amsafishe.

Nitajibiwa kwamba msamaha wa Mungu haununuliwi. Ni kweli, wala kurudisha mali si kununua msamaha. Ni kuacha kuiba, maana aliyenacho cha mwenzake mfukoni angali akiiba hata saa ya sala. Nitaambiwa pia kwamba akijitaja atafungwa au atapigwa. Lakini mafundisho ya Kanisa hayamlazimishi kutangaza jina lake. Aweza kurudisha kwa siri, kwa mkono wa mtu mwingine. Na asiye na uwezo wa kulipa yote leo alipe kidogo kidogo. Aliyedhulumiwa akiwa amekufa, wako warithi wake. Na wasipokuwako, wako maskini. Udhuru wote umezibwa. Kilichobaki ni uchoyo, uchoyo uliovaa rozari.

Na tuwatazame watakatifu wa kwetu. Mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Jamaa zake walimsihi ajifiche. Akakataa, akafa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mtu aliyekataa maficho kwa gharama ya uhai wake, leo twathubutuje kumfanya yeye kuwa maficho yetu? Amwombaye kijana huyo na amwombe ushujaa wa kuukabili uso wa mwenzake, kwani ushujaa ndio aliokuwa nao.

Basi mishumaa na iwake, na novena zisaliwe, na padre aungamiwe. Lakini atokaye kanisani Mkwajuni, akiwa na viroba vya mtu, ajue kwamba safari yake ya toba haijafika. Ipo nyumba moja zaidi ya kubishia hodi, nayo haina sanamu wala ubani. Wazee walikwisha kusema: dawa ya deni ni kulipa.