Ukame Ukigonga Msitu, Kaboni Inarudi Hewani: Wasee wa Matisi, Hii Stori Inawahusu

Kila mtu siku hizi anatuambia tupande miti. Serikali yenyewe inataka bilioni 15 kufikia 2032. Sawa, mti unavuta hewa ya kaboni, hiyo tulifunzwa tangu praimari. Lakini mti wenyewe ukikosa maji je?

Iko hivi. Jani lina vishimo vidogo sana vya kuvuta kaboni, na maji ya mti yanatokea hapo hapo. Jua likiwaka na udongo ukauke, mti unavifunga. Ni kama mse amefunga kibanda juu ya kanjo: mali iko salama, lakini hakuna anachouza. Wiki mbili si noma. Ikifika miezi, tena mwaka baada ya mwaka, miti mikubwa inaanza kufa. Na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, kwa hivyo mti ukioza ama ukiungua, mzigo wote unarudi juu.

Amazon wameshaonja. Ukame wa 2005 ukawagonga, 2010 ukarudi, na utafiti wa 2021 ukaonyesha upande wa kusini mashariki unatoa kaboni kuliko unavyovuta.

Afrika tumejikaza kiasi. Joto na ukame wa El Niño ya 2015 na 2016 ulipopita, wanasayansi walipima vipande 100 vya msitu katika nchi 6. Msitu ulipunguza kasi ya kuvuta kaboni, lakini haukuacha kuivuta. Inawezekana miti yetu imezoea msoto, maana hata msitu wa Congo hupata mvua kidogo kuliko Amazon.

Sasa usianze kupiga kifua. Hiyo ni misitu mikubwa, imeshikana. Kakamega ni kibaki tu cha msitu wa aina hiyo, na mashamba yameuzunguka. Pembeni mwa msitu upepo na jua vinaingia bure, udongo unakauka haraka. Elgon nako, kila mti unaokatwa kuchomwa makaa unafungua dirisha lingine. Na tusijifanye watakatifu, makaa ya jioni hapa Matisi hayatoki mbinguni. Kiangazi cha kawaida, kile cha Januari hadi Machi, kikikuta msitu umetobolewa hivyo, kinauma kama ukame. Mto Nzoia unaanzia Elgon na Cherangani, so ni maji yetu pia.

Halafu kuna doo. Sheria ya tabianchi ilibadilishwa 2023, na mradi wa kaboni wa ardhi unafaa kupea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Poa kabisa. Shida ni kwamba mnunuzi analipia kaboni ikae ndani ya mti miaka mingi, na ukame hausomi mkataba. Miradi mingine huweka kando sehemu ya kaboni kama akiba ya ajali, mingine inakuonyesha picha za droni tu.

Kwa hivyo wakikuja barazani na kalamu, usiulize tu mtalipwa ngapi. Uliza msitu ukishika moto mwaka wa sita, hasara ni ya nani, na hiyo imeandikwa ukurasa gani.