Vyama vya wanafunzi wa Isiolo: Vitalu vya viongozi au matawi ya wanasiasa?

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, vyama vya wanafunzi kutoka kaunti ndogo hupata marafiki wapya ghafla. Mwenyekiti ambaye kwa miaka miwili simu zake hazikupokelewa huanza kutafutwa yeye. Ukumbi wa mkutano hulipiwa kabla hajauliza bei, fulana huchapishwa, na mgeni wa heshima hufika akiwa na bahasha pamoja na wapiga picha wake.

Kwa kaunti ya Isiolo, sababu ya urafiki huo haihitaji darubini. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa katika kaunti nzima hawakufika 100,000, nao waligawanyika katika maeneo bunge mawili, Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini, na wadi kumi. Katika wadi za aina hiyo, kura mia moja zinaweza kumpandisha mtu kitini au kumwangusha. Mwanafunzi anayerudi nyumbani kupiga kura haji na kura yake pekee. Huja pia na sauti inayosikilizwa na wazazi, shangazi na wadogo zake, kwa kuwa ndiye aliyesoma.

Huku macho yakielekezwa kwenye uchaguzi wa Agosti 2027, swali linalostahili kuulizwa si kama wanafunzi wa Isiolo wajihusishe na siasa. Katiba ya 2010 ilikwisha kulijibu hilo. Kifungu cha 36 kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama, cha 37 haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamishi kwa amani, na cha 55 kinailazimu serikali kuhakikisha vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika siasa na uchumi. Swali lililobaki ni hili: vyama vyao ni vya nani?

Ili kulijibu, ni lazima kwanza kutazama jinsi vyama hivyo vinavyozaliwa. Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 pekee. Hakuna chuo kikuu cha umma chenye makao yake makuu katika kaunti hiyo. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, kina bewa lake mjini Isiolo, lakini kijana aliyepata nafasi ya kusomea sheria, uhandisi au ualimu katika chuo kikuu hana budi kufunga mizigo kuelekea Meru, Nairobi, Eldoret, Garissa au kwingineko.

Kwa hiyo chama cha wanafunzi wa Isiolo katika bewa la mbali huanza kama nyumba kabla ya kuwa jukwaa. Ndicho kinachompokea mwanafunzi mgeni kutoka Merti au Sericho ambaye hajawahi kulala katika jiji kubwa. Ndicho kinachomtafutia mahali pa kujihifadhi hadi apate chumba, na ndicho kinachochanga fedha anapofiwa. Kazi hiyo ni njema, na hakuna anayeweza kuidharau. Hata hivyo, ni katika kazi hiyo hiyo ndipo mlango wa wanasiasa hufunguka, kwa kuwa nyumba ina gharama na wenyewe hawana fedha.

Historia nayo ina mchango wake. Miungano ya wanafunzi iliyojengwa kwa misingi ya wilaya haikuenea katika vyuo vikuu vya Kenya kwa bahati tu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa na chama cha wanafunzi wote, SONU, kikapigwa marufuku. Mwenyekiti wake, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na akafia gerezani mwaka 1988. Katika pengo hilo, utawala wa wakati huo uliipa nafasi miungano ya wilaya, ambayo kila mmoja ulikuwa na mlezi wake kutoka nyumbani, mara nyingi waziri au mbunge.

SONU ilipofufuliwa mwaka 1987 haikumaliza mwaka. Mwenyekiti wake, Robert Wafula Buke, alikamatwa na kufungwa jela, na chama kikavunjwa tena. Funzo waliloachiwa wanafunzi lilikuwa wazi: anayezungumza kwa niaba ya wanafunzi wote wa taifa huenda gerezani, lakini anayezungumza kwa niaba ya wilaya yake hualikwa chai. Wilaya zimeondoka na kaunti zimekuja, ila mazoea ya mlezi na mlezwa hayakuondoka nazo.

Sheria nayo imeyagusa maisha ya kisiasa ya mabewa. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliweka utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wakachagua baraza. Kipindi cha uongozi kiliwekwa kuwa mwaka mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kuhudumu zaidi ya vipindi viwili. Mwenyekiti na naibu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja, na baraza linatakiwa kuakisi sura ya taifa.

Waliounga mkono utaratibu huo walisema ungepunguza fujo na matumizi makubwa ya fedha katika kampeni. Waliopinga walisema ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe wachache kuliko kuwanunua wanafunzi maelfu. Kwa wanafunzi kutoka jamii ndogo, mfumo huo una pande mbili. Unaweza kuwapa nafasi ambayo hawangeipata katika kura ya wengi. Lakini pia unakifanya chama cha kaunti kuwa karata ya kuuziana, kwa maana kura za wajumbe wake wachache hupangwa kwa bei na kambi kubwa.

Kamba yenye nguvu kuliko zote, hata hivyo, ni basari. Familia nyingi za Isiolo hutegemea mifugo, na ukame unapoua ng'ombe na mbuzi huua pia karo. Ndipo mwanafunzi hulazimika kutazama mifuko ambayo wanasiasa wana sauti kubwa ndani yake, yaani hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, na basari za kaunti. Fedha hizo ni za umma. Lakini zinapokabidhiwa hadharani kwa hundi kubwa ya mabango na hotuba ndefu, mpokeaji hurudi chuoni akiamini kuwa amesomeshwa na mtu.

Udhaifu wa mpango huo umeonekana bayana. Septemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF ilikiuka Katiba, ikaipa hazina hiyo muda hadi Juni 30, 2026. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka uliozuia kaunti kulipa basari kwa masomo yasiyo chini ya majukumu yao bila makubaliano na serikali ya kitaifa, na suala hilo likaishia mahakamani. Wakubwa walipokuwa wakibishania mamlaka, mwanafunzi aliyetegemea hundi alibaki hajui kama angeruhusiwa kufanya mtihani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chama ambacho wanachama wake wanasubiri hundi hakiwezi kumuuliza mtoaji maswali magumu. Mwenyekiti atakayehoji kwa nini orodha ya wanaofaidika haijabandikwa ataambiwa na wenzake anyamaze, asije akawaponza. Mkono unaopokea kila mara haunyoshwi kuuliza swali. Woga huo hauhitaji polisi wala marufuku ya chama, kwani hujisimamia wenyewe.

Gharama ya pili ni ya amani. Isiolo ni kaunti ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wagabra, Wasakuye na wengine. Malisho, maji na mipaka, ukiwemo mzozo wa muda mrefu wa mpaka na kaunti ya Meru, vimeleta uhasama na umwagikaji wa damu. Nyumbani, kijana wa Oldonyiro na kijana wa Kinna huenda wasikutane maisha yao yote. Chuoni wanaweza kukaa meza moja kila Ijumaa jioni.

Mwanasiasa anayetafuta kura za ukoo hana faida na meza hiyo. Anachohitaji ni kundi lake. Matokeo ni kwamba chama kimoja cha kaunti kinaweza kugawanyika kikawa viwili au vitatu, kila kimoja na mlezi wake na lugha yake. Chama kikivunjika kwa namna hiyo, kinachopotea si mihuri na vitabu vya kumbukumbu tu. Hupotea mojawapo ya nafasi chache ambapo vijana wa jamii hizo hujadiliana bila wazee wala silaha karibu.

Isiolo inajua gharama ya siasa za aina hiyo. Juni 1963, Mkuu wa Wilaya, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Diida, wakati eneo la kaskazini lilipokuwa likivutana kuhusu kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Vita vya Shifta vilivyofuata viliendelea hadi 1967. Jina la Wabera lipo hadi leo kwenye wadi moja ya mji wa Isiolo na kwenye barabara katikati ya Nairobi. Wanafunzi wengi wa kaunti hiyo hupita hapo kila siku.

Kuna pia suala la usalama. Shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, liliacha hofu katika vyuo vya kaskazini nzima. Ulinzi wa mabewa ni wajibu usio na mjadala. Hata hivyo, ulinzi haupaswi kugeuka kisingizio cha kuzuia kila mkutano wa wanafunzi usiopendeza ofisini. Mjadala unaofanyika ukumbini mbele ya mlezi wa wanafunzi ni salama kuliko ule unaosukumwa gizani.

Je, chama huru cha kisiasa cha wanafunzi kinaweza kufanya nini? Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1967, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda USARF, chama cha kimapinduzi kilichowaleta pamoja vijana wa nchi mbalimbali, akiwemo Yoweri Museveni kutoka Uganda, aliyekuwa mwenyekiti wake. Walisoma, walijadili, na walichapisha jarida lao, Cheche. Serikali ilikipiga marufuku chama hicho na jarida lake mwaka 1970. Mtu anaweza kukataa itikadi yao, na mengi yanaweza kusemwa kuhusu walivyotawala baadhi yao baadaye. Lakini kilichowaunganisha kilikuwa fikra, si kabila wala bahasha.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Juni 2024, vijana walipojitokeza katika kaunti nyingi kuupinga Mswada wa Fedha. Hawakuwa na mwenyekiti wala ofisi. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia sahihi mswada huo. Harakati hizo zilionyesha kuwa vijana wanaweza kusoma mswada kifungu kwa kifungu na kuufafanua kwa lugha za nyumbani. Zilionyesha pia kwamba umati usio na chama huweza kuzuia jambo, ila ni vigumu kwake kulifuatilia jambo mwaka hadi mwaka.

Kufuatilia ndiko kazi inayokosa watu Isiolo, na nyenzo zake zipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia aliyeomba habari.

Chama chenye wanachama 40 kinaweza kugawana nyaraka hizo kwa wadi zote kumi. Wanaosomea uhasibu wasome bajeti, wanaosomea sheria waandike maombi, na wanaosomea uuguzi waulize dawa za zahanati zimekwama wapi. Wakati wa likizo, wafafanue Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kwa wazee ambao ardhi yao ya malisho iko kwenye njia ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa mwaka 2012. Kazi hiyo haihitaji fulana wala mabasi ya kukodi.

Itahitaji fedha kidogo, na hapo ndipo nidhamu huanzia. Ada ndogo ya wanachama, hesabu zinazosomwa mbele ya wote kila muhula, na kanuni kwamba mchango wa mwanasiasa yeyote utangazwe au ukataliwe, ni mambo yanayowezekana. Wanasiasa waalikwe, tena wote, wa mrengo huu na ule, wakae mbele ya meza na kuulizwa maswali. Tofauti kati ya mgeni na mwenye nyumba ni nani aliyelipia ukumbi.

Wanafunzi wa Isiolo ni wachache, nao wametawanyika. Uchache huo umewafanya kuwa bei nafuu kwa anayenunua. Unaweza pia kuwafanya kuwa kundi linalojuana kwa majina, ambalo si rahisi kuligawanya. Kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto, kila chama kinapaswa kujiuliza kama kingeweza kuitisha mkutano wiki ijayo bila kumpigia simu mheshimiwa. Kisichoweza kufanya hivyo tayari kina mwenyewe, hata kama katiba yake inasema ni cha wanafunzi.