Mwacheni Mkwawa Apumzike

Mtu akitaja tu kwamba anataka kuandika riwaya ya kihistoria, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia aandike Mkwawa, mwingine Majimaji, wa tatu Mapinduzi ya Zanzibar. Imani yao ni moja: riwaya ya namna hiyo huanzia kwenye tukio kubwa na jina kubwa, na mwandishi asishike kalamu kabla hajamaliza rafu nzima ya vitabu.

Ushauri huo ndio unaozaa vitabu vinavyonuka chaki. Shujaa anahutubia ukurasa mzima, tarehe zinapangwa foleni, na hakuna hata mtu mmoja anayepiga chafya.

Mabingwa wa fani hii hawakuanzia huko. Mwaka 1984 Abdulrazak Gurnah alirudi Zanzibar, akamwona baba yake, sasa mzee, akivuka njia kwenda msikitini. Akawaza kwamba mzee huyu alikuwa mtoto zama zile wageni wanajitwalia nchi. Mtoto yule aliona nini? Swali hilo ndilo lililozaa Paradise (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Wajerumani wamo, lakini mhusika mkuu ni Yusuf, mvulana wa miaka 12 aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Toni Morrison naye alikutana na habari ya gazeti la 1856 kuhusu Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky na, alipozingirwa, akamuua bintiye mdogo ili asirudishwe utumwani. Huko ndiko ilikotoka Beloved (1987). Morrison alisoma mengi kuhusu enzi hiyo, ila alikataa kusudi kuchimba zaidi maisha ya Garner, apate nafasi ya kubuni.

Wapo watakaoitaja Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyojengwa juu ya mgomo wa Zanzibar wa 1948. Sawa, tukio ni kubwa. Lakini msomaji anaingia bandarini na Rashidi, kijana anayebeba mizigo kama alivyobeba baba yake, na mgomo unapofika tayari anajua unamuuma nani.

Mbegu za aina hii bado zimejaa. Chukua amri ya 1897 ya kufuta utumwa Zanzibar. Haikumwacha huru mtu kwa mkupuo: kila aliyeutaka uhuru ilimpasa auombe mwenyewe mahakamani, na bwana wake akalipwa fidia. Aliyeupata alitakiwa aonyeshe makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje, isipokuwa aliyeweza kudai kwamba ametendewa ukatili.

Sasa wafikirie mtu na mkewe katika shamba la karafuu Pemba: mume anataka kwenda kortini, mke anaulizia watalala wapi baada ya hapo. Riwaya imeshaanza, na sultani hana haja ya kutokea. Rafu ya vitabu itasomwa, tena kwa bidii, na mtu anayejua anatafuta nini: kodi ya kibanda, ujira wa kuchuma karafuu, na umbali wa kwenda kortini kwa miguu.