Safari ya Benin haitajipanga yenyewe, wasee

Kila kikundi cha WhatsApp cha marafiki jijini Nairobi kina safari iliyokufa. Unaijua yenu. Mlianza kwa moto, mkabadilisha jina la kikundi, mmoja akatuma picha za ufuo, mwingine akaandika "mimi niko ndani." Mwezi ukaisha, landilodi akapiga simu, na kikundi kikabaki cha kutumiana vichekesho na salamu za bathdei.

Yetu ilikuwa ya kwenda Afrika Magharibi na imekufa mara mbili. Tulikuwa tunasema tu "West Africa", kana kwamba ni mtaa mmoja ambao ukishuka steji unafika. Mara hii tumetaja nchi na mwezi: Benin, Januari. Tuko wanne na kila Ijumaa kila mtu anatuma chake kwa mweka hazina, hata kama ni mia mbili. Nataka nikuambie kwa nini tumechagua huko, kwa sababu naamini hata wewe unafaa kwenda, mradi ujue unafuata nini.

Kwanza, tusichanganye majina. Benin City iko Nigeria. Benin ni nchi jirani, iliyobanwa kati ya Togo na Nigeria, na hadi 1975 iliitwa Dahomey. Kama ulitazama filamu ya The Woman King mwaka 2022, wale wanawake wapiganaji walikuwa wa ufalme wa huko. Angélique Kidjo alizaliwa katika mji wa Ouidah, na mwigizaji Djimon Hounsou alizaliwa Cotonou. Kwa hivyo nchi hii umeshakutana nayo, ni jina tu lililokupita.

Sababu ya kwanza ya kuichagua ni pasipoti. Kijana wa biashara ndogondogo akiomba viza ya Ulaya, anatakiwa alete taarifa ya benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba atarudi nyumbani. Wengi wetu mwajiri wenyewe ni simu. Benin haimdai Mwafrika yeyote viza kwa ziara ya hadi siku 90. Thibitisha tena kabla ya kulipia tiketi, maana sheria za mipaka hubadilika, lakini mlango huo umekuwa wazi kwa miaka kadhaa na sisi tunaupita tukikimbilia Dubai.

Sababu ya pili ni kalenda. Kusini mwa Benin mvua kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, kisha ndogo kuanzia Septemba hadi Novemba. Kiangazi kirefu ni Desemba hadi Machi. Hapo barabara zimekauka na unaweza kuzunguka bila kulala njiani. Lakini usidanganywe na video za sekunde thelathini. Kiangazi cha huko kina Harmattan, upepo mkavu unaotoka Sahara ukiwa umebeba vumbi. Anga hugeuka kijivu, midomo inapasuka, na siku nyingine huoni mbali. Fikiria vumbi la barabara inayojengwa mtaani kwenu, sasa lisambaze nchi nzima. Kama una pumu, inhela isikose mfukoni. Beba mafuta ya kujipaka, barakoa na leso ya kujifunga puani ukipanda pikipiki.

Na pikipiki utapanda. Nduthi za Cotonou zinaitwa zemidjan, neno la Kifon lenye maana ya "nipeleke haraka". Madereva huvaa shati la rangi moja, na bei mnapatana kabla ya kupanda, kama hapa tu. Tofauti ni kwamba utapatana kwa Kifaransa. Jifunze namba kuanzia moja hadi elfu, salamu, na "ni bei gani?" Miezi mitatu ya programu ya bure kwenye simu inakutosha kwa hayo. Mimi nilianza na namba kwa sababu najua nitakapoibiwa.

Pesa nazo zina mpango wake. Benin inatumia faranga ya CFA, na thamani yake imefungwa kwa yuro: yuro moja ni faranga 655.957, kila siku. Kwa hivyo badilisha shilingi zako ziwe yuro ukiwa Nairobi, kidogo kidogo. M-Pesa yako haitakufaa mbele ya mama anayekuuzia amiwo, ule ugali wao mwekundu wa nyanya. Tiketi ya ndege ndiyo itakayoumiza, kwa sababu kuruka ndani ya Afrika bado ni ghali kuliko inavyofaa, na huenda ukabadilisha ndege njiani. Ndiyo maana tulianza kuweka mapema.

Kitu ambacho wengi husahau ni chanjo ya homa ya manjano. Bila kadi yake huenda usipite uwanja wa ndege, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa. Ukienda kliniki wiki ya safari umechelewa tayari. Lakini ukidungwa mara moja, cheti hicho kinakufaa maisha yako yote. Muulize daktari pia kuhusu dawa za kuzuia malaria. Wewe wa Umoja au Kasarani usijione una kinga kwa sababu ni Mwafrika.

Kuna jambo moja ambalo sitaki uliende mbio. Mbuga ya Pendjari, kaskazini, ina simba na tembo, na picha zake ni tamu. Usiende sasa. Makundi yenye silaha yamekuwa yakishambulia eneo hilo la mpakani, na mwaka 2019 watalii wawili Wafaransa walitekwa nyara huko, na mwelekezi wao raia wa Benin akauawa. Kaa kusini na Abomey, na usome habari za nchi nzima wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Simba tunao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kila Januari, tangu miaka ya 1990, Benin huwa na sikukuu ya kitaifa ya dini za jadi. Watu hujaa Ouidah kwa ajili ya Vodun: ngoma, mavazi meupe, na vinyago vya Zangbeto vinavyozunguka kama paa la makuti lililopata miguu. Tangu 2024 serikali imeipanua iwe tamasha la siku kadhaa. Nilipomwambia mama, aliweka kikombe chini. "Mwanangu, pesa yote hiyo uende kutafuta majini? Si ungerudi nayo chuoni?"

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo swali hilo si la kijinga na sikumjibu kwa mzaha. Nilimwambia ukweli: pesa ninayoweka kila Ijumaa haifiki karo ya muhula, na nikirudi darasani sitaki kurudi nikiwa najua dunia kupitia kioo cha simu peke yake. Hakukubali. Lakini swali lake la majini ndilo lililonikaa kichwani.

Sisi Wakenya tumesomeshwa Afrika Magharibi na filamu za Nollywood. Mganga, kibuyu, nyoka, radi, mchungaji anaingia dakika ya mwisho. Tunacheka, lakini tunaamini nusu. Ouidah kuna hekalu la chatu, na ng'ambo tu ya uwanja kuna kanisa kubwa la Kikatoliki, na wako watu wanaoingia kote kuwili. Kutoka mjini kuna njia ya kama kilomita nne hadi baharini, ambapo watu walitembezwa kupakiwa kwenye meli za watumwa. Vodun ndiyo waliyobeba vichwani wakafika nayo Haiti na Brazil wakiwa hawana hata nguo. Ukishajua hilo, ni vigumu kulicheka tena.

Kisha jiulize: Kaya za Wamijikenda ziko hapa kwetu, zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, na zina miiko yake. Wangapi kati yetu tumewahi kwenda, tukavua viatu tulipoambiwa, tukanyamaza tulipoambiwa? Tunaogopa mambo ya Ouidah kwa sababu hata ya nyumbani tuliambiwa tuyaogope.

Ndiyo maana nasema uende kama mgeni. Uliza kabla ya kupiga picha. Ukiambiwa hapa hapapigwi, weka simu mfukoni. Mlipe mwelekezi wa mtaa, yule anayejua bibi yake alisimulia nini. Panda mtumbwi Ganvié, kijiji kilichojengwa juu ya maji ya Ziwa Nokoué na watu waliokuwa wakikimbia wateka watumwa, lakini kumbuka kwamba hayo ni makazi ya watu wanaofua nguo na kupeleka watoto shule. Hutaki mtu asimame mlangoni pako Mathare akikupiga picha ukipiga mswaki.

Mtasema wakati wa sikukuu bei hupanda na vyumba hujaa. Kweli. Katika mbogi yetu mmoja anataka Februari, tuhifadhi pesa na tupate utulivu. Tulipiga kura, watatu kwa mmoja, na bado ananuna. Kama pesa yako ni kidogo, yeye ndiye mwenye busara: Februari bado ni kiangazi, na Ouidah haihami. Mimi nataka Januari kwa sababu nataka kuona watu wakiabudu bila kujificha.

Huenda tusifike. Mmoja wetu amepoteza kazi mwezi huu, na tumekubaliana kwamba tutamngoja hata kama ni kiangazi cha mwaka unaofuata. Lakini kadi yangu ya manjano ninayo tayari, iko ndani ya Biblia ya mama. Aliiweka huko yeye mwenyewe, akasema nisije nikaipoteza.