Atokaye Ziwani Asikimbilie Milimani

Bonaire ni kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi kinachoishi kwa wageni waendao kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Kilima chake kirefu kuliko vyote, Brandaris, hakifiki mita 250. Mgeni akimaliza kuzama hana mlima wa kupanda; hatari yake humngoja kwenye ndege ya kurudi kwao, ndiyo maana hushauriwa aitumie siku ya mwisho ya likizo akiwa nchi kavu.

Mkoa wa Kigoma nao umejaliwa maji ya kuzamia, ila umbo la nchi yake ni kinyume. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 na samaki wa miambani ambao wengi wao hawapatikani kwingine duniani, liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukiliacha na kushika barabara ya kwenda bara, unapanda. Kasulu imepita mita 1,200. Kibondo inakaribia 1,500. Mtu aliyezama asubuhi Kigoma anaweza kuwa amelala Kasulu usiku huohuo, na lami imeifupisha safari hiyo. Kwa sababu hiyo naona kwamba kila kituo cha tiba cha nyanda za juu za Kigoma kiwe na swali moja la ziada kwa mgonjwa mwenye maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu wa miguu usioelezeka: je, umezama kwa hewa ya mtungi au ya mpira wa kompresa katika siku mbili zilizopita?

Sababu ya swali hilo ni ya kimaumbile. Kila mita 10 za maji humwongezea mzamaji mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Akivuta hewa chini ya mgandamizo huo, naitrojeni huyeyuka katika damu na nyama za mwili wake. Akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda haraka, hugeuka mapovu ndani ya mwili, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hili mwaka 1878, na mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza akachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Kufika juu ya maji, hata hivyo, hakumalizi safari ya gesi hiyo. Kwa saa nyingi bado inatoka, na kila mlima unaopandwa katika saa hizo hupunguza mgandamizo wa hewa na kuyapa mapovu nafasi ya kukua.

Wahusika ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo watalii, lakini wapo pia watumishi wetu wenyewe. Kwa miaka mingi kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, zimekuwa na madaktari, wauguzi na wahandisi wanaoteremka ziwani kupumzika mwisho wa juma na kupanda tena kuwahi zamu ya Jumatatu. Wapo vijana wanaozama kukamata samaki wa mapambo wa kuuzwa nje ya nchi. Kwao mbizi ni mkate, na mara nyingi wanarudia kuzama siku nzima. Anayeogelea juujuu au kuzama kwa pumzi yake mara chache hana hofu hii.

Najua pingamizi litakalotolewa. Muuguzi wa zahanati ana foleni ya homa, watoto na wajawazito. Kwa nini tumbebeshe ugonjwa ambao pengine hatauona maishani? Jibu langu ni kwamba swali lenyewe ni la sekunde chache, ilhali kulikosa kunaweza kumgharimu mtu miguu yake. Katika mkoa wenye malaria nyingi, uchovu, kichwa kuuma na viungo kuuma vina jina tayari, na kipimo cha malaria chaweza kuwa chanya kwa mtu ambaye tatizo lake la leo ni mapovu. Miguu inapolegea na mkojo kuziba, tutafikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo au kichocho cha uti wa mgongo, na ni haki kuvifikiria. Lakini dalili zilizoanza ndani ya saa 24 baada ya kuzama zina mshukiwa mwingine, na huyo hangoji majibu ya maabara.

Wengine watasema kupanda mita 500 au 700 ni kidogo. Ni kweli kwamba ndani ya ndege mgandamizo hushuka zaidi. Hata hivyo mapendekezo ya Divers Alert Network, yaliyoandikwa kwa waliozama baharini, yanahusu miinuko ya kuanzia mita 600 hivi hadi 2,400: kungoja walau saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia, na zaidi ya hapo kwa aliyelazimika kusimama njiani akipanda kutoka kilindini. Sioni sababu ya aliyezama ziwani kujipa ruhusa pana zaidi, kwa kuwa ziwa lenyewe liko juu na majedwali ya usawa wa bahari hayamfai bila kurekebishwa.

Matibabu ya kwanza yamo ndani ya uwezo wa hospitali ya wilaya. Mlaze mgonjwa chali. Mpe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika kutoka kwenye mtungi; mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni haifikii kiwango hicho, ingawa ni bora kuliko kukosa kabisa. Endelea hata akipata nafuu. Mpe maji ya kunywa kama ana fahamu, au dripu isiyo na sukari. Mwekee mpira kama mkojo umeziba. Usimpe gesi ya naitrasi oksaidi kutuliza maumivu, na asirudishwe majini kwa matumaini ya kupona. Tiba kamili ni chumba cha mgandamizo, na vyumba hivyo ni vichache mno Afrika Mashariki. Kwa hiyo wapigieni mapema madaktari wa mbizi wa Divers Alert Network, wanaopokea simu saa zote. Rufaa ya kwenda Maweni ina faida ya kuteremka. Gari lisimpandishe mgonjwa milima mingine bila sababu.

Kwako unayepanga likizo: siku ya mwisho kaa Ujiji, tembea sokoni, kula mgebuka, ulale Kigoma, ndipo upande kesho yake. Mwajiri wako akikuhitaji Jumatatu asubuhi, basi mbizi yako ya mwisho iwe Jumamosi. Na ukiumwa ukiwa Kasulu au Kibondo, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi ulizama lini, kina gani na mara ngapi.